Mbwemkuru, Mto Niliouona Kwanza Kwenye Simu ya Jirani

Nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Lushoto. Kila mwaka tukifika kwenye mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi huipanga ubaoni kutoka kaskazini kwenda kusini: Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji, Matandu, Mbwemkuru, Lukuledi, Ruvuma. Nikimaliza hukung'uta chaki mikononi na kuwaambia wanafunzi wanakili. Pangani naujua, unapita Korogwe hapo chini yetu. Wami na Ruvu nimevuka kila nilipokwenda Dar es Salaam. Lakini kuanzia Rufiji kushuka chini nilikuwa naijua kwa ramani ya ukutani tu, tena ramani ambayo kona yake ya kusini imeliwa na mende.

Chaneli ya video nilikuwa nayo. Ilikuwa na jina, picha ya mlima wenye ukungu, na maelezo yenye nukta na mkato kila panapostahili. Video ndiyo haikuwa nayo. Nilishanunua taa ya duara, kijiti cha miguu mitatu na kipaza sauti cha kubana kwenye kola. Somo la kwanza, la mito, nililiandika na kulipitia kwa kalamu nyekundu ileile ninayosahihishia madaftari. Nikirekodi, nasikiliza, nafuta. Leo sauti imetokea puani. Kesho lafudhi ya Kisambaa imechungulia. Keshokutwa jogoo wa jirani ameingilia kati ya Rufiji na Matandu. Ualimu una maradhi yake: ukishinda kutwa unatafuta makosa ya darasa zima, jioni ukijitazama mwenyewe macho hayajui kufanya kazi nyingine.

Mke wangu ndiye aliyeniambia, akiwa anachambua maharage wala hakuinua uso, "Wewe unaogopa kuisemea mito hujaiona. Nenda kaione kwanza."

Likizo fupi ya Septemba ilipofika, nikaenda. Nilichagua Mbwemkuru kwa sababu Rufiji una wasemaji wengi na hauhitaji wa kwetu, na kwa sababu shangazi yangu aliolewa Nachingwea tangu miaka ya 1980, na kila mwaka huuliza kwa simu kama barabara ya kwenda kwao imeota majani. Mbwemkuru unapita kaskazini mwa Nachingwea na Ruangwa, halafu unateremka kuitafuta bahari katikati ya Kilwa na mji wa Lindi.

Sehemu ya kwanza ya safari naijua nikiwa nimefumba macho: kuteremka kona za Mombo, Korogwe, Segera, kisha ile barabara ndefu ya kwenda Chalinze. Safari hii nilifumbua macho tulipofika Lugoba. Upande wa huko ndiko kijiji cha Mindu Tulieni, kwao Kili Paul, kijana wa Kimasai ambaye yeye na dada yake Neema walianza kujirekodi wakiwa wamevaa mavazi ya kwao, wakifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Mwaka 2021 video zao zilizagaa, na Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja kwa majina katika kipindi chake cha redio. Kijijini hapakuwa na umeme, simu aliipeleka Lugoba kuichaji. Niliitazama Lugoba kupitia dirisha la basi: maduka ya bati, mafundi pikipiki, mama anauza mahindi ya kuchoma. Nikaitazama na begi langu lililopakatwa magotini, lenye taa ya duara ndani. Sikupenda lile begi lilivyonitazama.

Nililala Mbagala kwa mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi ana duka la vipuri. Alfajiri akanisindikiza hadi Rangi Tatu, akanipangia na kiti cha dirishani. "Mwalimu, huko unakokwenda mimi mwenyewe sijafika," alisema, na kutoka kwa mtu wa Dar es Salaam neno hilo lilinitia hofu na fahari kwa pamoja.

Mtu wa milimani akienda kusini jambo la kwanza linalomshangaza ni kwamba barabara imenyooka. Kwetu dereva akiona mita mia moja bila kona huamini amepotea njia. Hapa tulipita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, na usukani haukuwa na kazi. Halafu Rufiji ukafunguka. Daraja la Mkapa lina urefu wa mita 970 na lilifunguliwa mwaka 2003. Babu aliyekaa kiti cha nyuma yangu alianza kusimulia, bila kuombwa, jinsi kabla ya hapo walivyokuwa wakisubiri kivuko cha Ndundu, na mvua zikizidi watu wanalala hapohapo na mizigo yao mpaka mto ushuke hasira. Aliposema "mpaka mto ushuke hasira" nilitamani kumrekodi. Kisha nikafikiri: mwanga unatoka upande mbaya, na mngurumo wa injini. Simu ikabaki mfukoni.

Somanga basi lilisimama na madirisha yote yakajaa mikono: samaki wa kukaanga, korosho, maji ya chupa, ndizi. Nililetewa samaki kwenye gazeti, bado anachoma vidole. Kwetu samaki wa baharini hupanda mlima akiwa mkavu na mwenye umri mkubwa kuliko mnunuzi, kwa hiyo nilimla huyu kwa heshima. Baada ya hapo utaona barabara imepigwa viraka na madaraja yameshughulikiwa upya. Mvua za mwaka 2024, na Kimbunga Hidaya kilichokuja mwanzoni mwa Mei mwaka huo, vilikata njia hii, kusini ikabaki pande lake na Dar es Salaam pande lake.

Tulipoiacha Nangurukuru nyuma nilijua mto wangu unakuja. Nikatoa simu. Nikafuta kioo cha kamera kwa ncha ya shati. Nikajaribu kuishika kwa ulalo, nikaona kidole kinaonekana kwenye kona, nikaibadilisha mkono, nikarudi kwenye ulalo. Konda akapaza sauti, "Mbwemkuru hiyo!" Kingo za daraja zikapita pa-pa-pa dirishani, na nilipoinua uso tulishauvuka.

Pembeni yangu alikaa dada mmoja anayekwenda Mchinga, amebeba mtoto aliyelala. Simu yake ilikuwa na ufa kutoka kona hadi kona. Alikuwa ameunyoosha mkono mmoja juu ya kichwa cha mtoto, akarekodi daraja lote, na kabla hatujafika kona iliyofuata alishaliweka kwenye status yake ya WhatsApp na maneno "Nakaribia nyumbani." Nikamwomba anionyeshe. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa jiografia, mto Mbwemkuru niliuona kwa mara ya kwanza kwenye simu iliyopasuka ya dada wa Mchinga: maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo za kijani, ndege mweupe mmoja, na sauti ya konda. Picha ilikuwa imepinda. Niliitazama tena na tena.

Lindi tuliipita mchana wa jua kali, bahari ikimetameta kushoto. Mingoyo tukaiacha pwani na kuanza kuingia bara, Mtama, kisha Nanganga, ambako nilishuka na kupanda gari dogo la kwenda Ruangwa. Kiza kiliingia tukiwa bado njiani. Nilifikia nyumba ya wageni yenye feni ya dari inayozunguka kwa kulalamika. Lushoto mwezi huo tunalala na blanketi mbili, hapa nililala juu ya shuka, na shuka lenyewe nililiona ni mzigo.

Usiku ule usingizi uligoma, nikawaza habari za Tendaguru. Kilima hicho kipo kusini mwa Mbwemkuru, upande wa bara kutoka barabara tuliyopita. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa makumbusho ya Berlin, Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba pale mifupa ya dinosaria. Niseme vizuri: waliochimba ni mamia ya watu wa huku, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, na wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mkubwa kuliko wote, ambaye sisi humwita mjusi wa Tendaguru, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake zaidi ya mita 13. Kwamba mpaka leo yupo huko ni hadithi nyingine, na maoni yangu juu yake ni makali. Lililonikosesha usingizi ni jambo jingine. Yule mjusi si mnyama mmoja. Amekusanywa kutoka mifupa ya zaidi ya mmoja, na palipopungua pakajazwa kwa kufinyanga. Tena miguu yake ya mbele waliipanga ikiwa imetanuka kwa nje. Baadaye wataalamu wakatambua kwamba alitembea amenyoosha miguu, na mwaka 2007, jengo lilipomaliza kukarabatiwa, akarudishwa amesimama sawasawa. Miaka 70 dunia ilipanga foleni kutazama kazi yenye kasoro, ikashangilia, na waliokuja kuirekebisha waliweza kuirekebisha kwa sababu ilikuwa pale imesimama. Mimi kwangu chumbani nilikuwa nimefuta somo la mito kwa sababu ya jogoo.

Asubuhi nilitembea mjini. Ruangwa ni mji wenye fahari yake. Hadi mwaka 2025 lilikuwa jimbo la Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu Novemba 2015 kwa miaka kumi, na uwanja wa mpira una jina lake. Hapo ndipo nyumbani kwa Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na usimwambie mtu wa huku kwamba wewe ni Simba au Yanga kabla hujamaliza kunywa chai yake. Karibu na stendi akina mama walikuwa na masinia ya mizizi myembamba iliyochemshwa. Nikauliza ni nini. "Ming'oko, baba. Huijui ming'oko?" Kichekesho changu kikapita meza hadi meza. Ni viazi vya porini vinavyochimbwa msituni, unamenya ganda kwa meno na kutafuna kwa chumvi na pilipili. Nilikula vya kutosha kuwatoshea wao kicheko na mimi kifungua kinywa.

Kijana wa bodaboda niliyepatana naye aliniita mwalimu tangu salamu ya kwanza, nami sikuwa nimemwambia. Alisema ni jinsi nilivyouliza bei. Tulielekea kaskazini, tukapita Mbekenyera, kisha upande wa Nambilanje. Lami ilipotuacha vumbi likatupokea. Pande zote ni mikorosho, matawi yake yameinama hadi yanagusa ardhi, na chini yake kumefagiliwa safi kuliko uwanja wa shule yangu, ili korosho ikianguka ionekane. Za kwanza zilikuwa zimeshaanza kuanguka. Kwa wasomaji wa kwetu ambao korosho wameijua kwenye pakiti tu: bibo, tunda lake, lina umbo la peasi la Lushoto lililopakwa wekundu au manjano, na korosho yenyewe haikai ndani, imening'inia nje upande wa chini, peke yake ndani ya ganda la kijivu. Niliuma bibo. Maji matamu yakajaa mdomoni, kisha ulimi ukakauka ghafla. Kijana alicheka akasema bibo halili mgeni, mgeni ndiye hulila bila kujua.

Njiani alinionyesha upande wa Matambarare, kwenye machimbo ya kinywe, madini meusi ya kung'aa yanayoteleza ukiyasugua vidoleni. Kinywe ndiyo inayotengeneza sehemu moja ya betri za simu na za magari ya umeme. "Mwalimu, hiyo simu yako hapo mfukoni," alisema, "labda imerudi kwao." Nilidhani mzaha ule ni wake, kumbe huutumia kwenye video. Anazo video nyingi. Anazirekodi akiwa amesubiri abiria, ameiegemeza simu kwenye tangi la mafuta. Nilimuuliza huziandika kwanza wapi. Hakuelewa swali.

Tulifika mtoni saa sita. Nilikuwa nimejiandaa kuona maji. Mbwemkuru wa mwezi wa tisa, pale tulipofikia, ni mchanga mpana mweupe unaoumiza macho, na maji yamejivuta upande mmoja, membamba, yanapita taratibu chini ya ukingo wenye kivuli. Kwetu mto ni kelele: unausikia kabla ya kuuona, unaruka mawe, ni baridi, na unaweza kuuvuka kwa hatua tatu. Huu ulinyamaza. Upana wake wa masika ungeweza kumeza soko letu lote. Nyuma ya wanawake waliokuja kuchota, mchanga ulikuwa umefukuliwa vishimo, na maji yaliyochujika ndani yake yalikuwa maangavu kuliko yale yanayotiririka. Walisubiri kishimo kijae, wakachota kwa kata, wakasubiri tena. Mimi hufundisha kwamba mto wa msimu "hukauka". Pale niliona kwamba haukauki, umeshuka chini tu, na watu wanajua ulipo.

Nikatoa zana zangu zote. Miguu mitatu ilizama mchangani, ikainama. Taa ya duara katika jua lile ilikuwa kichekesho hata kwa watoto, wakaizunguka kuitafuta kama imewaka. Kipaza sauti nikakibana kwenye kola. Kijana wa bodaboda akashika simu, akaishika wima. Nikamwambia ilaze. Akailaza, kisha kidogokidogo ikarudi wima, nikaacha. Nikakaza shingo na kuanza: "Mto Mbwemkuru ni miongoni mwa mito inayotiririsha maji yake…"

"Mwalimu," sauti ikatoka ukingoni. Mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya mti na jembe lake, anatutazama kwa starehe. "Unasema au unasoma?"

Nikampa shikamoo. "Marahaba, mjukuu wangu. Huo mto sisi tunaujua. Waambie hao watu wako kuhusu tembo."

Nikamwambia habari za tembo ningependa aseme yeye. Hakuomba muda wa kujiandaa wala hakuvaa shati. Alisimama, akageukia simu, akaeleza jinsi tembo wanavyokuja kwa kufuata mto kutoka upande wa pori, usiku, wasisikike, mpaka ukishtuka shamba la mahindi limelala. Akaeleza wanavyowafukuza kwa madebe, tochi na moshi wa pilipili, na jinsi tembo mwenye akili anavyosimama mbali kungoja moshi uishe. Akaigiza mkonga kwa mkono wake, ukinusa, ukisita. Watoto wakapiga mayowe. Mbuzi akapita mbele ya kamera, akasimama katikati, akaendelea na safari. Upepo ukavuma kwenye kipaza sauti changu cha bei. Mzee alipomaliza alikaa tena chini, akaniambia, "Haya, sasa sema na wewe."

Nikasema. Karatasi ilikuwa mfukoni lakini mikono ilikuwa imejaa mchanga. Nilisema naitwa nani, natoka Lushoto, nimeufundisha mto huu kwa miaka bila kuuona, na kwamba leo nimeukuta umeshuka chini ya mchanga na akina mama hawa wanajua ulipo. Mmoja wao akadakia, "Hatujui tu, tunachoka!" Ikabaki humohumo kwenye video.

Nikiwa nyuma ya pikipiki tukirudi nilikumbuka jambo ambalo nilishawahi kuwasimulia wanafunzi kwa kujionyesha mjuzi, nami sikulitia moyoni. Video ya kwanza kabisa kupakiwa YouTube, tarehe 23 Aprili 2005, ni ya mmoja wa waasisi wake, Jawed Karim. Amesimama katika bustani ya wanyama ya San Diego mbele ya tembo. Anasema tembo wana mikonga mirefu sana, na kwamba hilo ndilo la kusema. Sekunde 19. Mzee wa Mbwemkuru alisimulia tembo vizuri zaidi yake, tena hakuwa amewafungia uzio.

Sikuipakia siku hiyo. Nisiwadanganye: usiku Ruangwa niliitazama, nikachukia meno yangu, na kidole kikaenda kwenye alama ya kufuta. Kilichoniokoa ni kwamba mzee naye alikuwemo. Sura yangu ni mali yangu, naweza kuitupa, lakini ya kwake sikuwa na ruhusa nayo.

Siku iliyofuata nilikwenda Nachingwea. Shangazi anakaa kata ya Stesheni, na mgeni akisikia jina hilo hutafuta treni. Hakuna treni, hakuna hata kipande cha reli. Alinipokea kwa vigelegele, akanikagua kama nimekonda, akanipa ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Karanga zenyewe kazichimba nyuma ya nyumba, kwenye kishamba ambacho mtu mmoja hupalilia kwa asubuhi mbili. Nilipokiona nilicheka peke yangu.

Kwa sababu Nachingwea ndipo mahali ambapo Waingereza walikuja kulima karanga zilizoshindikana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na hapa. Hawakuanza na shamba dogo la kujaribia. Walianza na kila kitu kwa mpigo: matrekta, vifaru vya vita vilivyogeuzwa vya kung'olea miti, bandari ya kina kirefu Mtwara, reli ya kuja Nachingwea. Karanga zikachelewa, udongo na mvua vikakataa, na mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni zaidi ya milioni 36 zimezama. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa. Nawafahamu watu wale. Nami nilinunua taa kabla ya kuwa na neno la kusema.

Jioni tulikaa barazani. Huku ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Kwetu Usambaani baba na ndugu zake wa kiume ndio wasemaji. Shangazi anasema miaka ya mwanzo alipokuwa na jambo alilipeleka kwa baba mkwe, likarudi kwake bila jibu, mpaka alipojifunza kulipeleka kwa mjomba wa mumewe. Alinisimulia pia yale aliyohadithiwa na marehemu mumewe, ya wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa na kambi yao Nachingwea, na Samora Machel akipita mjini. Hapo nami nikapata la kumpa. Nilimweleza habari za Robert Van Lierop, wakili Mmarekani mweusi wa New York, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia na kamera maeneo ya Msumbiji yaliyokombolewa na FRELIMO, ilhali kazi yake ilikuwa sheria, si filamu. Filamu yake, A Luta Continua, ilitoka mwaka 1972 na ikaonyeshwa kwenye makanisa, vyuo na kumbi za Marekani. Baadaye mtu huyohuyo akawa balozi wa Vanuatu katika Umoja wa Mataifa, lakini hilo shangazi halikumgusa.

"Na ya kwako iko wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Aliitazama kwa kuiweka simu mbali na macho. Aliposikia "Hatujui tu, tunachoka!" alipiga paja. Mzee alipoigiza mkonga aliita majirani. Video ilirudiwa kwa mjukuu wake, kwa mama wa nyumba ya pili, kwa fundi aliyekuja kuchukua deni lake. Hakuna aliyetaja meno yangu, lafudhi wala mbuzi, isipokuwa mjukuu, msichana wa kidato cha pili, aliyesema mbuzi ndiye mzuri kuliko wote na nimweke mwanzoni. Nilikataa. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukata kipande cha mwanzo ambacho nilikuwa nakaza shingo, na alikikata bila huruma, karatasi yangu yote ya kalamu nyekundu ikaenda na maji. Mtandao wa barazani ulikuwa dhaifu, tukahamia chini ya mwembe ambako wenyeji wanajua unashika. Ilipanda taratibu. Bando liliisha njiani, tukanunua jingine.

Asubuhi ilikuwa imetazamwa na watu wachache kuliko darasa langu la kidato cha tatu. Mmoja aliandika kuomba nirudi nimwonyeshe Kilimarondo, alikozaliwa mama yake. Mwingine aliuliza mzee anapatikana wapi, ana swali kuhusu moshi wa pilipili. Sauti yangu bado siipendi, na sidhani kwamba nitakuja kuipenda.

Ukitaka kwenda, nenda kuanzia Julai hadi Oktoba, barabara ikiwa kavu, shuka Nanganga, na usibebe taa. Kama wewe ni mwenyeji wa Nambilanje, Mbekenyera au Liwale na umesikia nimetamka jina la mahali vibaya, andika chini ya video, nitasahihisha katika inayofuata. Inayofuata ni ya Matandu. Nauli ya mpaka Nangurukuru nimeshaitenga, na taa ya duara nimemwachia mjukuu wa shangazi, anaisomea usiku umeme ukiwepo.